Damu ya Mzee Dwamena

Mzee Amponsa Dwamena alikuwa na mshipa mnene kwenye mkono wa kushoto, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi, na aliuringia kuliko watu wengine wanavyoringia mashamba yao ya kakao. Wauguzi wa hospitali ya Abetrebo walimjua kwa mshipa huo. "Huyu hata ukimdunga umefumba macho, unapata," walisema. Na walimdunga kweli, kila benki ya damu ilipokauka, kwa sababu damu yake ilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kulisha vimelea vya malaria. Taasisi yetu ya utafiti, huku juu kwenye milima ya Kwahu, ilikuwa inatafuta jani la kuua malaria, na huwezi kujua kama jani linaua mpaka uwe na kitu hai cha kuuawa. Vimelea hivyo ni vilafi, tena vinachagua chakula: vinataka damu ya mtu na si ya kiumbe kingine. Kwa hiyo vinafugwa. Vinatiwa kwenye chupa bapa pamoja na damu, vinawekwa kwenye kabati lenye joto la mwili, vinabadilishiwa chakula kila siku ya Mungu, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Dwamena ndiye aliyekuwa mchungaji wao kwa miaka kumi na minane. Mkewe Serwaa, kabla hajafariki, alikuwa akimwambia, "Wanao wa kuzaa hujui wamekula nini. Hao wa chupani unajua mpaka kama wamelala vizuri."

Kwa kawaida damu ilitoka hospitalini, mifuko iliyokuwa imekaribia kuisha muda, isiyomfaa tena mgonjwa. Mifuko ikikosekana, Dwamena alikunja shati. Kundi lake ni O, na vimelea havikuwahi kulalamika.

Majani aliyachuma mwenyewe. Aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayaloweka kwenye spiriti, akayachuja na kuyakausha tena mpaka likabaki vumbi kidogo chini ya chupa. Kila vumbi lilipewa namba. Kisha lilidondoshwa, tone kwa tone, kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kishimo na vimelea vyake, na baada ya siku mbili alikaa kwenye hadubini akihesabu wazima na wafu. Majani mia nane na kumi na moja yalipita hivyo. Mengi hayakufanya kitu. Machache yaliua malaria na kila kilichokuwa karibu. Profesa Asabea, mkuu wa maabara, mama mfupi asiyecheka ovyo, alikuwa na jibu moja kwa majani ya namna hiyo: "Hata sabuni inaua malaria, Mzee Dwamena. Bunduki pia inaua."

Dwamena alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alitaka jani moja tu lifanye kazi kabla hajarudisha koti jeupe. Wanaomsifu siku hizi husema hakuwa akitafuta jina. Uongo. Alitaka jina, na aliyekaa miaka kumi na minane akihesabu maiti za vimelea bila kutaka jina ajitokeze tumwone.

Namba 812 ilikuwa kichaka cha kawaida kilichoota nyuma ya nyumba ya mama yake, kule kijijini. Wawindaji walikichemsha wakipata homa. Mama yake mwenyewe alikuwa akiwachumia majirani, ingawa hakuwahi kuwanywesha wanawe hata kijiko. Dwamena alidhani ni kwa sababu ya uchungu wake.

Mwezi ule wa sita ajali ya basi kwenye mteremko ilikuwa imemaliza damu yote ya hospitali. Dwamena alikunja shati, akajaza mfuko, akaenda kazini. Vimelea vikakua ndani ya damu yake vizuri tu. Ila kwenye vishimo vya namba 812, hata pale alipotia kidogo kabisa, hakukuwa na kilichobaki hai. Akarudia. Vikafa. Profesa akaagiza arudie mara ya tatu mbele yake, na alipoinua macho kutoka kwenye hadubini alishika kiuno akacheza hatua mbili, za kanisani, kisha akakumbuka yeye ni nani.

Wakawalisha panya ishirini vumbi hilo kwa siku kumi na nne. Panya wakala, wakanenepa, hakufa hata mmoja.

"Usimwambie mtu," Profesa alisema.

"Nimwambie nani? Mke sina."

"Mdomo unao. Panya si mtu, Mzee. Hili jani halitoki humu ndani mpaka lipite kwa wakubwa wote. Nakujua wewe."

"Profesa, mimi nimekuwa humu kabla hujapata mvi."

"Ndiyo maana nakuambia."

Nyumbani aliishi na binti yake Birago, fundi cherehani, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi migodini na kuonekana mara mbili kwa mwaka. Walikuwa na mtoto mmoja, Adade, wa miaka mitano. Huyo Adade na babu yake walikuwa na mchezo wao wa kila jioni. Babu akifika tu mlangoni, mtoto anauliza:

"Babu, wadudu wako wameshakula?"

"Wameshakula."

"Wamekula nini?"

"Wamenila mimi."

Hapo mtoto anaanguka chini kwa kicheko, kila siku, kama ndiyo mara ya kwanza. Birago alikuwa akiguna kutoka kwenye cherehani, "Wawili nyie hamna akili," lakini siku babu alipochelewa, ni yeye aliyekuwa akichungulia barabarani.

Tangu mvua zianze, Adade alikuwa ameshikwa na homa mara tatu. Vidonge vya zahanati viliishusha, na baada ya wiki mbili ikarudi. Mara hii ya tatu ilirudi Alhamisi, na Ijumaa mtoto hakuuliza habari za wadudu. Alilala tu kwenye mkeka amegeukia ukuta.

Nataka msomaji aelewe hali ya mzee jioni ile. Mtu ametafuta maji jangwani miaka kumi na minane, amepata kisima, na mjukuu wake ana kiu. Ijumaa hiyo hiyo, kabla hajatoka kazini, alikuwa ameandaa sahani mpya kwa mfuko wa damu uliopatikana hatimaye kutoka hospitalini, aina ya jaribio analofanya mtu kukamilisha daftari tu. Kisha alikuwa amechota vumbi la namba 812, akalikoroga na maji kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaiweka mfuko wa ndani.

"Baba, hii ni ya hospitali?" Birago aliuliza alipoona chupa haina karatasi.

"Ni bora kuliko ya hospitali. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano. Na usiseme nje, watanifukuza kazi."

"Imepimwa?"

"Nimeipima kwa mikono hii."

Birago hakuuliza zaidi. Baba yake hakuwahi kumdanganya, na wala siku ile hakumdanganya.

Jumamosi homa ikashuka. Mzee akatembea uani akiimba. Jumapili asubuhi Adade alikojoa kwenye kopo, na mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa. Macho yalikuwa ya manjano, na midomo imekuwa myeupe. Wakambeba mpaka hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, jina lake Boahene, mpole, aliyekuwa hajalala. Alimpima damu, akakuta vimelea vichache tu, akakunja uso.

"Mtoto amepewa dawa gani?"

Birago alimtazama baba yake. Mzee akajibu yeye: "Vidonge vya zahanati, daktari. Vya malaria."

"Hakuna kingine? Mitishamba?"

"Vidonge tu."

Huo ulikuwa woga, na woga wa mtu anayekaribia pensheni tunaujua. Tungeweza kumsamehe huo peke yake. Lakini daktari aliuliza swali la pili.

"Katika ukoo wa mtoto kuna mtu aliyewahi kukojoa mkojo wa namna hii? Baada ya dawa, au baada ya kula kitu? Damu yao labda haipatani na dawa fulani?"

"Kwetu hakuna," Birago alisema. "Mama hakuwahi. Bibi hakuwahi. Wajomba zangu wote wazima, wanameza chochote."

Dwamena alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, kofia magotini. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, wauguzi walipita shuleni wakigawa vidonge vyeupe, na yeye alimeza vyake kama wenzake. Siku ya pili mkojo wake ulikuwa mweusi. Alilala wiki tatu, na mama yake akaapa vidonge vile havitaingia tena nyumbani kwake, kwa kuwa kaka zake yeye mama, wawili, walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo hiyo. Ulikuwa mwiko wa damu yao. Mzee aliushika maisha yake yote.

Mbona hakusema? Kwa sababu hakuulizwa. Kwetu Kwahu, kama kwa Waakan wote, mtoto hupata damu kwa mama na roho kwa baba. Birago ni wa ukoo wa Serwaa. Adade ni wa ukoo wa Birago. Dwamena ni baba, ni babu, anapendwa, anaheshimiwa, lakini damu yake imeishia kwake na kwa watoto wa dada zake. Mwiko ule aliwafundisha wapwa zake mmoja mmoja. Binti yake hakumwambia, kama vile usivyomwambia jirani bei ya shamba ambalo si lake. Utasema, mtu wa maabara, aliyeshika damu miaka kumi na minane, asijue? Kujua kwa kazini ni kitu kimoja, kujua kwa nyumbani ni kingine, na ukiingia mlangoni kwako unavua cha kazini pamoja na viatu.

Basi alinyamaza, tena bila dhambi moyoni. Daktari akaandika: ukoo hauna historia. Akasema ni malaria kali iliyovunja damu, akatuma sampuli mjini, akaanza kutafuta damu ya kumwongezea. Benki ilikuwa tupu.

Daktari alipoondoka, mzee alimnong'oneza binti yake, "Umesikia? Ni malaria. Chupa unayo?"

"Ninayo kwenye mkoba."

"Usikatishe. Wakigeuka, mpe kijiko."

"Baba, una hakika?"

"Birago. Nimewaona wakifa kwa macho yangu."

Jumatatu asubuhi alipita kazini mbio mbio kubadilisha chakula cha vimelea, ili arudi hospitalini. Profesa Asabea alikuwa ameshakaa kwenye hadubini na ile sahani ya Ijumaa.

"Mzee Dwamena, njoo uone. Hiki ni nini?"

Akainama, akatazama. Vimelea vya namba 812 vilikuwa vizima, vimenona, vinazaliana. Kwenye vishimo vyote. Hata pale alipotia dawa nyingi kuliko zote.

"Nimekosea kuchanganya," alisema.

"Hujakosea tangu nikujue. Vumbi ni lile lile, vimelea ni vile vile, kipimo ni kile kile." Profesa alikuwa akigongagonga meza kwa kalamu. "Kilichobadilika ni damu. Zile sahani tatu zilikuwa na damu yako. Hii ni ya hospitali." Kisha akamgeukia polepole. "Mzee, wewe umewahi kukojoa mkojo mweusi?"

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kuna watu seli zao nyekundu zimepungukiwa na kimeng'enya fulani," Profesa aliendelea, akiwaza kwa sauti, bila kujua anamwambia nani. "Siku za kawaida haiwasumbui. Ikiingia dawa ya namna fulani, seli zinapasuka, na kimelea kilichomo kinakufa nazo. Jani halikuua malaria. Liliua damu yako, malaria ikafa kwa kukosa nyumba. Ndiyo maana panya hawakudhurika. Basi, namba 812 imekwisha. Afadhali tumejua mapema, kabla hatujampa mtu."

"Inarithiwa?" Dwamena aliuliza.

"Ndiyo. Wewe uliipata kwa mama yako."

"Kwa binti je? Inakwenda kwa binti?"

"Baba humpa kila binti yake. Binti mwenyewe mara nyingi haimsumbui, lakini mwanawe wa kiume anaweza..." Hapo Profesa alimwona uso. "Mzee. Umefanya nini?"

Walikwenda kwa gari lake, na mzee bado amevaa koti jeupe. Njia nzima alisema neno moja tu, akilirudia: "Asubuhi. Asubuhi." Profesa alielewa maana yake walipoingia wodini na kumkuta Birago akifuta kijiko kwa kitambaa.

"Umempa?"

"Nimempa sasa hivi, Baba. Amemeza yote."

Sasa mzee alisema kila kitu, chupa, mkojo wake wa utotoni, wajomba zake wawili, akimwambia daktari kwa sauti ya juu kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya adui. Daktari Boahene hakumgombeza. Alichukua chupa, akaitazama, akaiweka dirishani. "Jana ningejua," alisema, "ningezuia kila kitu. Jana alikuwa bado na damu ya kutosha."

"Nitoe yangu." Mzee alikuwa ameshakunja shati. Mshipa ule ulikuwa umetuna. "Mimi ni O. Nitoe hata yote."

"Si yako, mzee."

"Nimetoa miaka kumi na minane!"

"Yako itapasuka kama yake. Shusha shati, tafadhali."

Profesa alipimwa, hakulingana. Birago alipimwa, hakulingana. Gari lilitumwa kwenda kutafuta mfuko hospitali nyingine, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Adade alikuwa akipumua upesi upesi. Mchana alifungua macho yake ya manjano, akamwona babu yake na koti lake jeupe, na labda alidhani ni jioni nyumbani.

"Wameshakula?" aliuliza.

Mzee alitaka kujibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mtoto alisubiri kidogo, kisha akafumba macho. Gari liliporudi na mfuko, walimkuta muuguzi akikunja shuka.

Kuna methali ya majuto ambayo kila mtu anaijua, na siku ile watu wawili walianza kuisema pale kwenye korido. Mimi sitaisema hapa.

Jumatano Dwamena alikwenda maabara, akafungua daftari kubwa. Aliyoandika yapo mpaka leo, kwa mwandiko wake uliosimama wima: "Namba 812. Haifai. Huvunja seli nyekundu za wenye upungufu. Imejaribiwa kwa panya ishirini na mtoto mmoja." Profesa Asabea alisoma, akachukua kalamu ili afute maneno mawili ya mwisho, wasije wakubwa wakamfunga. Aliishika kalamu muda mrefu. Akairudisha mezani bila kufuta.

Kwetu mtoto mdogo hafanyiwi mazishi makubwa. Anazikwa asubuhi na mapema, watu wachache, ngoma hazipigwi. Hata hivyo viti hupangwa kama inavyotakiwa: kulia wenye damu ya marehemu, kushoto wakwe, baba wa mtoto na watu wake, majirani. Kiti cha Dwamena kilijulikana. Miaka thelathini alikuwa akikaa kushoto katika kila msiba wa ukoo ule, hata siku walipomzika Serwaa, mke wake mwenyewe.

Mzee Frempong, mkuu wa ukoo wa Serwaa, alisimama na chupa ya pombe ya kuwamwagia wahenga. "Wenye damu moja na mtoto wasogee," alisema.

Watu wa kulia wakasogea. Kisha Dwamena akainuka kushoto, akavuka uwanja kwa nguo yake nyeusi, taratibu, akaja kusimama katikati yao. Minong'ono ikaanza.

"Mkwe wetu," Mzee Frempong alimwambia kwa upole, "huzuni imekuchanganya. Kiti chako ni kile pale."

"Nakijua kiti changu."

"Sasa?"

Alifumbua mdomo. Alikuwa ameshamweleza daktari, ameshamweleza Profesa, ameshaliandikia daftari, lakini hapa alibaki amesimama akishika mkono wake wa kushoto. Birago hakuwa amesema naye tangu Jumatatu. Alikuwa akitazama lile sanduku dogo, na hakuinua macho aliposema:

"Mwacheni akae. Ni damu yake."

Wakamsogezea kiti, akakaa. Birago hakumtazama mpaka kaburi lilipofukiwa.